Steringi Hafi

Mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu, hamjambo. Nimepewa kipaza sauti na nusu saa, na wanaonijua kwenye mambo ya tamthilia wanajua kwamba nusu saa kwangu ni salamu tu. Nitajibana.

Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaijua sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni na mikono imefungwa, atazingirwa na jeshi zima, na wewe uliyelipa kiingilio umetulia kwenye benchi kwa sababu unajua atatoka. Anayekufa ni rafiki wa steringi. Huyo akishatoa tu mfukoni picha ya mchumba wake, au akasema kazi hii ikiisha anaenda kwao kujenga, kibanda kizima kinaanza kumsikitikia. Hata DJ Afro, yule msimulizi wa filamu za vibandani, hana haja ya kututafsiria hapo.

Leo nataka kuzungumzia watu ambao runinga, kwa miaka mingi, iliwapa kazi hiyo ya rafiki wa steringi: wahusika mashoga, wasagaji, na waliobadili jinsia. Nazungumza kama shabiki. Sikuja na mahubiri, na anayetaka kubaki na msimamo wake abaki nao. Ila nimeangalia tamthilia nyingi mno, za Mexico, za Uingereza, za Marekani, za Afrika Kusini, na ukiangalia nyingi unaanza kuona mkono wa mwandishi kabla haujafika. Kule Marekani kuna shirika linaloitwa GLAAD ambalo kila mwaka huhesabu wahusika wa aina hii kwenye runinga. Hesabu ina kazi yake. Mimi nina swali jingine: kati yao, nani ataachwa afike msimu wa mwisho? Na akifika, atakuwa amefanya nini zaidi ya kuwa shoga?

Nianze na kifo kilichotugombanisha na waandishi. Tarehe 3 Machi 2016, kituo cha The CW kilionyesha sehemu ya saba ya msimu wa tatu wa The 100. Dunia imeshaungua kwa mabomu ya nyuklia, waliobaki wamegawanyika koo, na juu ya koo hizo kuna kamanda mmoja, msichana anaitwa Lexa. Alicheza Alycia Debnam-Carey: macho yamezungushiwa rangi nyeusi ya vita, upanga kiunoni, sauti haipandi hata anapotoa hukumu ya kifo. Anampenda Clarke, ambaye ndiye steringi. Na hapa niseme ukweli ili msije mkanisahihisha, Clarke mwenyewe anapenda wanaume na wanawake, na anaishi mpaka mwisho wa tamthilia. Kwa hiyo sisemi The 100 ilikuwa ya watu wabaya. Ndiyo maana iliuma.

Basi, baada ya misimu miwili ya kuviziana, Lexa na Clarke wanalala pamoja. Dakika chache za runinga baadaye, mshauri wa Lexa, mzee Titus, anamfyatulia Clarke risasi chumbani. Anamkosa. Lexa anafungua mlango kuona kelele ni za nini, na risasi inamwingia tumboni. Kamanda aliyetembea katikati ya majeshi akafa kwa risasi isiyo yake, mlangoni.

Mashabiki wa zamani waliruka kwenye viti, kwa sababu kifo hicho walishakiona. Mei 2002, kwenye Buffy the Vampire Slayer, Tara na Willow, wanawake wawili wapenzi, wamepatana baada ya kuachana. Asubuhi, wako chumbani, mtu anamlenga steringi, Buffy, uani, risasi inapita dirishani na kumuua Tara. Damu inaruka kwenye shati la Willow. Na katika sehemu hiyohiyo ndipo jina la Amber Benson, aliyecheza Tara miaka yote hiyo, lilipowekwa kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya waigizaji wakuu mwanzoni. Alipandishwa cheo siku ya mazishi. Miaka 14 imepita kati ya vifo hivyo viwili, na mpangilio ni uleule: mapenzi, risasi iliyopotea njia, maiti ya mwanamke, mwenzake anabaki na hasira za kuendeshea msimu.

Sababu ya kikazi ilikuwepo, na naikubali. Debnam-Carey alikuwa na mkataba kwenye tamthilia nyingine, Fear the Walking Dead, hakuweza kuwa sehemu mbili. Lakini mtu akiondoka kwenye tamthilia si lazima azikwe. Kamanda wa koo zote angeweza kupelekwa vitani kaskazini mpaka watu wamsahau. Na kilichochoma zaidi ni namna watu walivyovutwa. Lexa alionekana hadharani akipiga picha za sehemu ya mwisho ya msimu, mjini Vancouver, mashabiki wakatulizana kwamba kumbe yuko hai. Walishikwa mkono mpaka mlangoni.

Kilichofuata ndicho kinanifanya nijivunie kuitwa shabiki. Walilia, walitukana pia, siwezi kuwatetea wote. Lakini walichanga fedha. Walizipeleka The Trevor Project, shirika linaloendesha simu ya msaada kwa vijana wa aina hii wanaofikia hatua ya kutaka kujiua, na mchango ukavuka dola 100,000. Mtunzi wa tamthilia, Jason Rothenberg, aliandika barua ndefu ya kuomba radhi mwezi uleule. Mwaka uliofuata mashabiki wakaandaa mkutano wao wenyewe Las Vegas, ClexaCon, jina la wapenzi wawili limeunganishwa. Kifo kimoja cha kubuni kikazaa mambo yote hayo.

Sasa mazoea haya yalitoka wapi? Sidhani waandishi walikaa wakakubaliana kuua. Ni mazoea yaliyorithiwa. Kuanzia 1934 studio za Hollywood zilitekeleza kwa ukali kanuni za maadili walizojiwekea, na ziliendelea mpaka 1968. Mambo haya yalipigwa marufuku kutajwa, na mkosaji yeyote kwenye filamu ilibidi alipe kabla taa hazijawashwa. Kwa hiyo aliyetaka kumpenyeza mhusika wa namna hiyo alimpenyeza kwa kumfanya mwovu au mgonjwa, halafu akamuua. Kanuni zilipofutwa mikono ilikuwa imeshazoea.

Runinga nayo ina bwana mwingine, tangazo la sabuni. Novemba 1989, tamthilia ya ABC iitwayo thirtysomething ilionyesha wanaume wawili kitandani wakizungumza. Wakizungumza tu, na waigizaji waliambiwa wasigusane. Watangazaji wa biashara wakaondoka, kituo kikapoteza zaidi ya dola milioni moja, na sehemu ile ikaachwa nje kwenye marudio ya kiangazi. Mwandishi aliyekuwa anaangalia alielewa somo. Hata mchekeshaji Ellen DeGeneres, tarehe 30 Aprili 1997, aliposema kwa bahati mbaya kwenye kipaza sauti cha uwanja wa ndege kwamba yeye ni msagaji, Wamarekani wapatao milioni 42 waliangalia, na mwaka uliofuata kipindi chake kilifungwa. Laura Dern, aliyesimama mbele yake kwenye tukio hilo, amesema mwenyewe alikaa zaidi ya mwaka bila kupata kazi. Na yeye alikuwa mgeni tu wa kipindi!

Tuvuke bahari, maana nina mtu nataka mkutane naye. Coronation Street ya Uingereza inaendelea tangu 1960. Ni mtaa mmoja, baa moja, na majirani wasiojua kufunga mdomo. Mwaka 1998 akaingia mwanamke mmoja mpole anaitwa Hayley, amevaa koti jekundu la mvua. Anaanza urafiki na Roy, mwenye mkahawa, bwana mwenye haya na mazoea yake ya ajabu, mpenda treni. Kisha Hayley anamwambia kwamba alizaliwa akaitwa mvulana. Roy anachanganyikiwa, anakimbia, anarudi. Mpaka hapo ungedhani umeshajua hadithi: atapigwa, atafukuzwa, atakufa, wote watajifunza kitu.

Hayley akakaa miaka 16. Alishona nguo za ndani kiwandani. Alihudumia chai kwenye mkahawa wa mumewe. Alilea watoto wa wengine, akagombana na majirani, akalivaa lile koti mpaka likawa maarufu kuliko waigizaji wengine. Mwaka 1999 yeye na Roy walibarikiwa tu, kwa sababu sheria ya Uingereza haikumtambua kama mwanamke. Sheria ikabadilika mwaka 2004. Wakafunga ndoa halali mwaka 2010, na bibi yangu anayeangalia harusi yoyote ile kwenye skrini hata kama haelewi lugha, aliniuliza mbona wazee hawa wamechelewa hivyo. (Kicheko.) Hayley alifariki Januari 2014, mgonjwa wa saratani aliyechagua kutangulia kabla ya maumivu makali, na Waingereza wakabishana kuhusu haki ya mgonjwa kuamua kifo chake. Hivyo ndivyo mtu anavyobishaniwa akiwa jirani.

Nina lawama moja. Aliyemcheza, Julie Hesmondhalgh, si mwanamke aliyebadili jinsia. Leo watayarishaji wangeulizwa, na wangestahili kuulizwa.

Kwa hiyo sidai wasife. Kuna mtu ameshaanza kunikunjia uso hapo nyuma, najua anachotaka kusema: na Omar je? Tuje kwa Omar.

The Wire, mji wa Baltimore, 2002 mpaka 2008. Omar Little, aliyechezwa na marehemu Michael K. Williams, kovu limekata uso, bunduki ndefu chini ya koti refu, anaishi kwa kuwaibia wauza unga. Akipita akipiga mluzi, watoto wanakimbia wakipiga kelele kwamba Omar anakuja, na wanaume wazima wanatupa mzigo dirishani. Hatukani. Jumapili anampeleka bibi yake kanisani. Na anapenda wanaume, wazi, bila kumweleza mtu. Barack Obama alipoulizwa mwaka 2008 mhusika anayempenda kwenye tamthilia hiyo, alimtaja Omar.

Omar anakufa. Anaingia dukani kununua sigara, mgongo kwa mlango, na mtoto mdogo anaitwa Kenard anampiga risasi kichwani. Gazeti la mji linakosa nafasi ya habari yake. Mochwari wanakuta kibandiko cha jina lake kimewekwa kwenye maiti ya mtu mwingine, wanabadilisha, basi. Nilipoona nilikasirika, lakini hasira yangu ilikuwa kwa Baltimore. Ule mji unamla kila mtu na kumsahau, na Omar aliliwa kama wenzake, kwa kazi aliyoichagua, baada ya misimu mitano ya kuwa mwerevu kuliko wote. Risasi ya Kenard ilikuwa yake.

Na watu wanamsahau Kima. Kima Greggs, askari mpelelezi, anaishi na mwanamke mwenzake, Cheryl. Msimu wa kwanza anapigwa risasi, na wewe uliyezoea mambo ya Tara unasema haya, tumeshamaliza. Anapona! Anarudi kazini. Anakuwa mzazi mzembe, wanaachana na Cheryl, anatoka nje ya mapenzi kama askari wenzake wanaume wanavyotoka. Halafu msimu wa mwisho kuna usiku mmoja mtoto yuko kwake, Elijah, hataki kulala. Kima anampakata dirishani wakiangalia mtaa, na anaanza kuuaga mtaa kwa sauti ya kubembeleza: usiku mwema mapolisi, usiku mwema mateja, usiku mwema wahuni wa pembeni, kimoja kimoja, mtoto akirudia. Nimeangalia vifo vingi vya runinga ambavyo vimeshanitoka kichwani. Hilo dirisha halijanitoka.

Nyumbani sasa. Nilijua mtaninyamazia hapa. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachotumika kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, kipo, na Mahakama Kuu ya Nairobi ilikiacha kilivyo mwezi Mei 2019. Ndani ya hali hiyo ndimo tunamoangalia runinga.

Juni 2017 bodi yetu ya filamu, KFCB, iliagiza katuni sita zitolewe hewani kwa madai ya kueneza ushoga kwa watoto. Mojawapo ni The Loud House, ambamo rafiki wa mtoto mkuu ana baba wawili wenye wasiwasi kupindukia. Nyingine ni The Legend of Korra. Mnajua Korra na Asami walifanya nini mwaka 2014 katika tukio la mwisho? Walishikana mikono wakatembea kuelekea kwenye mwanga. Wakatazamana. Mwisho. Katika katuni hiyo miji imeshabomolewa na watu wameshauliwa kwa misimu minne, na hayo yote hayakumsumbua mtu.

Mwaka uliofuata ikaja Rafiki ya Wanuri Kahiu. Ni filamu, si tamthilia, mniwie radhi, lakini siwezi kuiruka. Ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, baba zao wanapingana kwenye kampeni ya kiti kimoja, na wao wanapendana. Ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na hapa nyumbani ikapigwa marufuku kabla hata haijafika huko. Septemba 2018 mahakama ikairuhusu kwa siku saba, watu wakajaza kumbi. Samantha Mugatsia, aliyecheza Kena, akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, mwaka 2019.

Lakini sikilizeni hili. Kahiu ameeleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho. Ndani ya filamu wasichana wale wanapigwa na umati, wanatenganishwa, mmoja anapelekwa Ulaya. Hayo yote yalikuwa sawa. Kilichokuwa na kasoro ni tukio la mwisho kabisa, miaka imepita, Kena amesimama, mkono unamgusa bega, anatabasamu. Hakukuwa na majuto ya kutosha. Mimi naiheshimu bodi kwa jambo moja, iliielewa filamu kuliko wahakiki wengi. Ilijua tatizo halikuwa wahusika kuwepo. Waandishi wa Marekani walihitaji miaka mingi na vurugu za mashabiki kutambua kile ambacho ofisi yetu ilikijua: mpe mhusika huyu mwisho mbaya na hutasumbuliwa.

Afrika Kusini walipita njia nyingine, nitawagusia tu. Kwenye Generations ya SABC 1, Senzo na Jason walipobusiana, simu na makelele hayakukatika, watu wakaapa kutoangalia tena. Watayarishaji hawakuwaua. Siku zilisonga, na walioapa wakarudi, kwa sababu walitaka kujua nani amechukua kampuni.

Na kuna moja iliyopigwa picha hapahapa. Sense8, 2015, kazi ya kina dada Wachowski, ambao wote wawili ni wanawake waliobadili jinsia, pamoja na J. Michael Straczynski. Watu wanane duniani wanaanza kuhisi wanachohisi wenzao. Mmoja ni Capheus, dereva wa matatu Nairobi, gari lina picha ya Jean-Claude Van Damme na linaitwa Van Damn. Mwingine ni Nomi wa San Francisco, mwanamke aliyebadili jinsia, na safari hii amechezwa na mwanamke aliyebadili jinsia kweli, Jamie Clayton. Nomi akiwa hatarini, ngumi zinazomtetea ni za dada mmoja wa Seoul, na dereva anayemtorosha anaweza kuwa yule wa Nairobi. Hapo mnaona hesabu ya steringi imevurugika. Wote wanane ni steringi, ukimuua mmoja wote wanavuja damu.

Kiingereza cha Capheus kilitusumbua, tusidanganyane, hakuna makanga wa route yoyote ninayoijua anayeongea vile. (Kicheko.) Lakini msimu wa pili wakatuletea Mumbi Maina, wetu, kama Zakia, mwandishi wa habari mjanja ambaye katika kumjibu Capheus anamwambia aliwahi kumpenda mwanamke. Anasema, mazungumzo yanaendelea. Mwigizaji wa Kenya, mji wa Nairobi, hakuna radi iliyopiga.

Juni 2017, mwezi uleule wa katuni zetu, Netflix ikaitangazia Sense8 kifo. Mashabiki wa nchi nyingi wakaandamana kwa barua na simu, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikakubali kulipia sehemu moja ndefu ya kumalizia. Ilitoka tarehe 8 Juni 2018. Nomi na mpenzi wake Amanita wanafunga ndoa juu ya mnara wa Eiffel, na dereva wetu wa matatu ni mwalikwa.

Mara nyingi naulizwa kama sioni kwamba vipindi hivi vitawafundisha vijana mambo. Mama yangu na mimi tuliangalia tamthilia za Mexico ambamo kila wiki mama mkwe anatiliwa sumu. Nimeolewa. Mama mkwe wangu yuko hapa, safu ya tatu, na afya yake mnaiona. (Vifijo.)

Ninachotaka mimi ni kidogo. Nataka tamthilia ya jioni ya hapa nyumbani, ya Kiswahili, yenye mwanamke anayeendesha duka la vipuri vya pikipiki. Anadaiwa na chama. Mwenye nyumba anamkatia maji. Dada yake amekopa kwa jina lake akapotea Mombasa. Na katika sehemu ya thelathini na kitu, tukiwa tumeshamzoea na tunamkasirikia kwa ubahili wake, tumwone anarudi kwa mwenzake, mwanamke, wanabishana nani atapika. Halafu tamthilia iendelee, kwa sababu bado hatujajua lile deni la chama litalipwa na nani.

Dakika zangu zimeisha. Mzee wa pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja katuni, na hajaushusha. Karibu, mzee wangu, mpeni kipaza sauti.